Msumari wa mfupa una jina la mtu, na mtu huyo asimuliwe mzima

Ndugu Mhariri,

Jumapili mbili zilizopita ulichapisha makala ya ukurasa mzima kuhusu vijana wanaovunjika mapaja kwenye ajali za pikipiki. Niliisoma yote, kisha nikampigia simu mdogo wangu naye aitafute. Mwandishi wako alifika wodini, akakaa na wagonjwa, hakuandika mambo ya kusimuliwa. Kwa hilo nampongeza kwa dhati. Ila ipo sentensi moja iliyonikwama kooni kama mwiba wa samaki, ile inayosema kwamba siku hizi wagonjwa hawa huwekewa ndani ya mfupa chuma cha kisasa, uvumbuzi mpya wa Wamarekani.

Chuma hicho si kipya na hakikuanzia Marekani. Kilianzia Kiel, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, Novemba 1939, mikononi mwa daktari mpasuaji aliyeitwa Gerhard Küntscher. Ningeweza kuishia hapo, barua ikawa ya mistari minne. Naomba nafasi zaidi kwa sababu nimeishi na jina la mtu huyu miaka mingi bila kulijua, na nilipolijua nikakuta limefungamana na mambo mengine ambayo nayo hayafai kufichwa.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31. Kati ya hiyo, 14 nilikuwa wodi ya mifupa upande wa wanaume, na 9 nilikuwa chumba cha upasuaji, nikiwa yule anayesimama ubavuni mwa daktari na kumkabidhi kila kifaa anachokitaja. Trei ya msumari, ndicho hicho chuma cha ndani ya mfupa, niliijua kama ninavyolijua jiko langu. Daktari akisema "kei-neli, tisa kwa arobaini na mbili", nachukua msumari wenye unene wa milimita 9 na urefu wa sentimita 42, naupima tena kwa rula, namkabidhi. Kei-neli, yaani msumari wa K, siku nenda siku rudi. Wenzangu wengine waliamini hiyo K ni herufi ya kiwanda. Mimi nilidhani ni aina ya chuma. Nimeiandika kwenye daftari la tiata mara zisizohesabika, kwa mwandiko wangu mwenyewe, bila kujiuliza.

Siku moja tulikuwa tukisubiri mgonjwa alale kwa dawa ya usingizi, daktari bingwa mmoja, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, akaniuliza: "Sista, hiyo K unajua ni nani?" Hakuuliza ni nini, aliuliza ni nani. Nikasema sijui, daktari. Akachukua karatasi iliyofungia glovu, akaandika nyuma yake kwa kalamu: Küntscher. Karatasi hiyo ninayo hadi leo, imo ndani ya kitabu changu cha sala.

Ili msomaji aone kwa nini jina hili ni zito kwangu, lazima kwanza aujue mguu wa kuvutwa. Vijana wa leo hawajauona. Mtu mzima akivunjika paja, misuli ya paja ina nguvu kiasi kwamba inavivuta vipande viwili vya mfupa vikapandana, mguu ukawa mfupi. Kabla ya msumari kuenea tulikuwa tukitoboa mfupa wa muundi chini kidogo ya goti, tunapitisha pini ya chuma, tunafunga kamba, kamba inapita kwenye kapi mwisho wa kitanda, na huko tunaning'iniza uzito, kilo saba, nane, mpaka kumi kwa mwanamume mwenye mwili. Miguu ya kitanda upande wa chini inainuliwa kwa matofali ili mwili wenyewe uvute upande wa pili. Kisha mgonjwa analala chali. Analala wiki 8, wiki 10, wengine 12 na zaidi, bila kugeuka ubavu. Anakula hapo na choo anapata hapo. Anapokea wageni hapo, na habari za msiba wa kwao zinamkuta hapo hapo.

Nimeviosha vidonda vya kulalia ambavyo mfupa wa kitako ulikuwa unaonekana. Nimewaona wanaume wenye nguvu wakikonda paja mpaka likawa kama mkono wa mtoto. Mfupa ukishaunga, goti limekakamaa, haliwezi kukunjwa kuingia hata kwenye gari. Wapo waliopata homa ya mapafu kwa kulala tu. Wapo waliokuwa wanazungumza nami asubuhi, mchana damu iliyoganda mguuni ikapanda kwenye mapafu, jioni kitanda kikawa kitupu.

Kuna fundi mwashi mmoja sitamsahau. Wiki ya tano kitandani, usiku, alipata habari kwamba mwanawe anaumwa sana nyumbani. Nilipoingia zamu ya asubuhi nilikuta uzito uko sakafuni na kamba imekatwa kwa wembe. Alikuwa amejaribu kuondoka. Alifika umbali wa kitanda kimoja. Mguu ulikuwa umefupika kwa upana wa vidole vitatu, na wiki zile tano zikawa zimepotea, tukaanza upya kuhesabu moja. Sikumkemea. Ningekuwa mimi ningefanya vilevile.

Sasa turudi Kiel. Küntscher alizaliwa mwaka 1900 huko Zwickau, Saxony, na tangu 1930 alikuwa kwenye hospitali ya upasuaji ya Chuo Kikuu cha Kiel. Alikuwa mtu wa kuuchunguza mfupa kama fundi anavyochunguza boriti. Katika miaka ya 1930 alifanya jambo ambalo nililisoma nikalirudia kwa furaha: alichukua mifupa, akaipaka vanishi inayokauka ikawa ngumu, kisha akaibebesha mzigo. Vanishi ilipopasuka, nyufa zake zilimchorea njia ambazo nguvu inapita ndani ya mfupa, wapi unabanwa na wapi unavutwa. Kabla hajafikiria kuweka chuma popote alitaka kujua mfupa wenyewe unabebaje.

Wakati huo tayari kulikuwa na msumari wa shingo ya paja, yaani pale juu karibu na nyonga wanapovunjika sana wazee. Aliueneza Marius Smith-Petersen wa Boston, mzaliwa wa Norway. (Kwa hiyo Marekani imo kwenye historia hii, sikatai.) Küntscher alitazama jinsi chuma kile kinavyokaa mwilini bila kuleta shida, akajiuliza: kama shingo ya paja inaweza kushikwa kwa msumari, kwa nini paja zima lisishikwe? Mfupa wa paja ni kama mwanzi, ndani una uwazi wenye uboho. Njia ipo tayari tangu mtu anapozaliwa.

Hakuwa wa kwanza kuiona njia hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa Ujerumani walijaribu vijiti vya pembe za ndovu ndani ya mifupa. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia Mwingereza Hey Groves alijaribu fimbo za chuma kwa askari waliopigwa risasi, na usaha ukamshinda. Kilichowaangusha wengi ni kwamba chuma kilikuwa kinatikisika ndani, au kinashika kutu, au kidonda kinaingia vijidudu na hakuna dawa. Küntscher aliupata ufumbuzi kwenye mshiko, na hapa naomba mafundi seremala wanisikilize. Ukipigilia msumari kwenye ubao, ubao ndio unaopisha kisha unaurudi msumari na kuubana, kwa kuwa mti una mnyumbuko. Mfupa haupishi, ukiulazimisha unapasuka. Basi yeye akasema, kama mfupa haunyumbuki, acha msumari ndio unyumbuke. Akautengeneza kwa chuma kisichoshika kutu, wenye uwazi katikati na ufa mrefu ubavuni toka juu hadi chini. Mwanzoni ukiutazama kwa mbele ulikuwa na umbo la herufi V, baadaye ukawa kama jani lenye ncha tatu za mviringo. Unapoingia kwenye mfupa unajibana, ukishafika unataka kutanuka, na huko kutaka kutanuka ndiko kunakoushika mfupa kwa ndani, urefu mzima.

Ile misumari niliyokuwa nikiishika tiata ilikuwa hivyo hasa: ya jani la ncha tatu, na ufa ubavuni. Kwenye ncha kulikuwa na kitundu kirefu cha kuingiza ndoano siku ya kuutoa. Nilikuwa nausugua ufa ule kwa brashi baada ya kazi, maana damu hujificha humo, na sikujua kwamba ninasugua wazo la mtu.

Jambo la pili alilolifanya, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko umbo la msumari, ni mahali pa kuingilia. Hakufungua pale palipovunjika. Alichana sehemu ndogo juu, karibu na nyonga, kwenye ile nundu ya paja unayoigusa ukiweka mkono ubavuni mwa nyonga, akaingiza waya mwembamba wa kuongozea huku akitazama kwa eksirei, akauvusha waya kwenye mvunjiko hadi kipande cha chini, kisha msumari ukafuata waya. Pale palipovunjika pakabaki pamefunikwa na damu yake na nyama zake. Damu ile iliyojikusanya kwenye mvunjiko ndiyo mwanzo wa mfupa mpya, na ukipafungua unaitoa na unawakaribisha vijidudu. Wauguzi wenzangu wanajua kwamba hospitali nyingi hazikuwa na eksirei ya tiata, hivyo madaktari wetu walilazimika kupafungua, wakaupitisha msumari kutoka kwenye mvunjiko kwenda juu hadi utokee makalioni, kisha kuurudisha chini. Ulifanya kazi, lakini haikuwa njia aliyoitaka mwenyewe.

Mgonjwa wake wa kwanza, Novemba 1939, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli aliyevunjika paja upande wa juu. Ninamfikiria mtu huyo mara kwa mara. Vita ilikuwa imeanza miezi miwili nyuma. Analala mezani, na daktari anamwambia (au hamwambii, kwa desturi za siku zile) kwamba atapigiliwa kitu ambacho binadamu hajawahi kupigiliwa namna hiyo. Mkimsifu Küntscher, mwacheni na fundi yule wa meli asimame karibu yake. Na pembeni yao asimame Ernst Pohl, mhandisi wa hapo hapo Kiel, aliyevitengeneza vifaa. Daktari alikuwa na wazo, lakini anayejua kukunja bati la chuma likabaki na mnyumbuko bila kupasuka ni fundi.

Machi 1940 Küntscher alikwenda Berlin kwenye mkutano wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani, akawaonyesha kazi yake. Wakubwa wengi hawakuipokea. Walisema ameharibu uboho, na uboho ndiko damu inakotengenezwa. Walisema mafuta ya uboho yatasukumwa kwenye mishipa yakazibe mapafu. Nawe usiwacheke, Mhariri, hofu hizo hazikuwa za kijinga. Mafuta kweli huweza kufika mapafuni, na mpaka naacha kazi tulikuwa tunamtazama mgonjwa wa paja kwa jicho hilo, pumzi zake na rangi ya midomo yake, siku tatu za mwanzo. Lorenz Böhler wa Vienna, bwana mkubwa wa kuunga mifupa kwa kuvuta na plasta, alikuja kuujaribu msumari mwenyewe na kuuandikia kitabu, lakini akaonya kwamba mikononi mwa asiyejua unaleta maafa. Nakubaliana naye kwa asilimia mia.

Halafu vita ikautawanya. Küntscher alipelekwa kama daktari wa jeshi hadi Lapland, kaskazini mwa Finland, akafanya kazi Kemi, na madaktari wa Finland wakajifunza kwake. Huku kwingine marubani wa Uingereza na Marekani waliodondoka na ndege zao Ujerumani walikuwa wakitibiwa kwenye hospitali za huko wakiwa mateka. Waliporudi makwao, madaktari wao walipiga picha ya eksirei wakakuta fimbo ya chuma imejaa paja zima, na mwenye paja anatembea. Mwaka 1945 magazeti ya Marekani yalilishangaa jambo hilo. Hivyo ndivyo Marekani ilivyoujua msumari: uliingia nchini mwao ndani ya miguu ya askari wao.

Nimefika mahali ambapo ningependa kuruka, lakini nikiruka nitakuwa nimefanya kosa lilelile ninalomlalamikia mwandishi wako.

Nilipolipata jina lile kwenye karatasi ya glovu nililishika kwa fahari. Kila daktari mwanafunzi aliyekuja tiata nilimuuliza, "Daktari, hiyo K unajua ni nani?" kama nilivyoulizwa mimi. Nilimsifu Küntscher mbele yao kama ndugu yangu. Mpaka siku kijana mmoja mpole, aliyekuwa kwenye mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo, akanijibu: "Namjua, mama. Na unajua alikuwa Mnazi?"

Nilinyamaza. Nilikasirika, nikamkasirikia kijana kwanza, ingawa hakuwa na kosa. Ilikuwa kweli. Küntscher alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Nilikwenda nyumbani siku hiyo nikakaa na habari hiyo mpaka usiku wa manane. Nilimkumbuka fundi mwashi na kamba yake iliyokatwa. Nilikumbuka wote waliosimama kwa magongo siku ya tatu kwa sababu ya mtu huyu. Kisha nikafikiria maana ya kuvaa alama ya chama kile Ujerumani katika miaka ile, wakati madaktari Wayahudi walikuwa wakifukuzwa hospitalini na wenzao wakibaki na kupanda vyeo.

Nilisoma zaidi baada ya hapo. Kulikuwa na mpasuaji mwingine wa Ujerumani, Karl Gebhardt, ambaye mwaka 1942 na 1943, kwenye kambi ya wafungwa ya Ravensbrück, Ujerumani, aliongoza majaribio kwa wanawake wafungwa wa Kipolandi. Walichanwa miguu, wakaambukizwa vidonda kwa makusudi, wengine wakavunjwa mifupa. Mifupa ile ile ya mguu niliyokuwa nikiiosha na kuifunga mimi. Gebhardt alihukumiwa Nuremberg, Ujerumani, kwenye kesi ya madaktari wa Kinazi, na kunyongwa mwaka 1948. Küntscher hakuwa miongoni mwa watu 23 walioshtakiwa kwenye kesi ile ya madaktari, na ni haki kulisema hilo waziwazi ili mtu asibebeshwe dhambi ya mwingine. Lakini ni haki vilevile kusema kwamba kadi ya chama waliyokuwa nayo ilikuwa moja.

Kijana yule aliniuliza kama tuache kuliita kei-neli. Nilimjibu hapana, na leo ningejibu hivyo hivyo. Tukilifuta jina, atakayekuja nyuma yetu atadhani chuma kimejileta chenyewe, kama mwandishi wako alivyodhani kimekuja jana kutoka Marekani. Jina likibaki, mtu ataliulizia, na akiulizia ataambiwa yote mawili. Tangu siku ile niliwaambia wanafunzi yote mawili, kwa pumzi moja, nikiwa nimeshika msumari mkononi. Wengine walikunja uso. Ni sawa.

Baada ya vita Küntscher aliongoza hospitali ya Schleswig, na mwaka 1957 akahamia Hamburg kuongoza hospitali ya bandarini, ambako wagonjwa wake walikuwa mabaharia na wapakuzi wa meli, watu wa kuvunjika. Aliendelea kuuboresha msumari, akasisitiza kuutanua uwazi wa mfupa kwa keekee nyumbufu ili msumari mnene zaidi uingie na ushike. Keekee hizo nazo nimezisugua. Alifariki Desemba 1972, akiwa mezani kwake pa kuandikia, akifanyia kazi kitabu chake kuhusu msumari huo huo.

Msumari wake ulikuwa na udhaifu, na sisi wa wodini ndio tuliouona. Paja likivunjika katikati, mvunjiko mmoja safi, ulishika vizuri sana. Likisagika vipande vinne au vitano, hapo palikuwa na kazi. Hakukuwa na kitu cha kuzuia mguu usizunguke, hivyo mgonjwa aliweza kuamka na kidole gumba kinatazama nje. Au vipande viliteleza juu ya msumari mguu ukafupika. Au msumari wenyewe ulipanda taratibu kuelekea makalioni, mgonjwa akarudi baada ya miezi akisema, "Sista, nikikaa kuna kitu kinanichoma." Unagusa, unausikia chini ya ngozi. Mwenyewe Küntscher aliliona tatizo hilo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa ameshatengeneza msumari wa kufungwa kwa komeo. Wajerumani Klemm na Schellmann wakauendeleza, na wenzao wa Strasbourg, Ufaransa: msumari unatobolewa matundu juu na chini, skrubu zinapita kwenye mfupa na kwenye matundu hayo, basi hakuna kuzunguka wala kuteleza.

Na hapa ndipo Mmarekani wa mwandishi wako anapoingia, na anaingia kwa heshima. Kupitisha skrubu kwenye tundu lisiloonekana, ndani ya mfupa, kunahitaji eksirei ya tiata ambayo hospitali nyingi za nchi maskini hazina. Mwaka 1999 Lewis Zirkle, daktari wa mifupa wa Richland katika jimbo la Washington, alianzisha shirika la SIGN. Msumari wao una fremu ya nje inayomwelekeza daktari tundu lilipo, bila eksirei. Nadhani ndio aliouona mwandishi wako wodini, na kama ndio, furaha yake naielewa. Nilikuwa tiata siku ya kwanza tulipoutumia. Daktari alipapasa, akasukuma skrubu, akasimama kidogo, akasema, "Imeshika." Tulipiga makofi na glovu zetu zenye damu, jambo lisiloruhusiwa.

Hata hivyo Zirkle alikuwa anajenga juu ya msingi wa nyumba iliyokuwepo miaka 60. Ukiandika kwamba ni uvumbuzi mpya unawaondoa wote waliotangulia, na unamwondoa pia mgonjwa. Msumari usio na historia unaonekana kama bidhaa ya dukani isiyo na kasoro, na kijana aliyelala wodini hataona sababu ya kumuuliza daktari maswali. Mwenye kuijua historia atauliza: msumari wangu umefungwa skrubu au haukufungwa? Niukanyagie mguu lini? Utatolewa au utabaki? Dalili gani nikiiona nirudi haraka? Hayo ndiyo maswali niliyokuwa nikiwafundisha wagonjwa wayaulize kabla ya kuruhusiwa, na wengi walikuwa hawana habari hata kwamba wamebeba chuma chenye urefu wa mkono wao kutoka kiwiko hadi ncha za vidole.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu ni marekebisho ya mistari michache, mahali pale pale ilipotoka makala. Iandikwe kwamba msumari wa ndani ya mfupa wa paja ulianza kutumiwa na Gerhard Küntscher, mpasuaji wa Kiel, Ujerumani, mwaka 1939. Kwamba vifaa vilitengenezwa na Ernst Pohl. Kwamba Küntscher alikuwa mwanachama wa chama cha Nazi. Na kwamba ule unaofungwa kwa skrubu bila eksirei umetokana na kazi ya wengi, akiwemo Zirkle wa Marekani. Jina liandikwe kwa u yenye nukta mbili juu. Kama mashine zenu hazina herufi hiyo, niambieni, nitawaletea ile karatasi ya glovu muipige picha.

Wako katika kazi,

Muuguzi mstaafu, wodi ya mifupa na chumba cha upasuaji